Ruhusa Imekataliwa

Jumatatu, 2 Septemba

Mvua imenitangulia kazini. Nilifika manispaa saa moja na nusu asubuhi, nikakuta mlango umefungwa, nikajibanza chini ya turubai la mama mmoja anayechoma arepa, vile vimkate vya mahindi, pale nje. Anaitwa doña Rubiela, yaani bibi Rubiela. Kabla sijamaliza salamu alishanitia mkononi arepa ya jibini na kikombe cha maji moto ya sukari guru.

"Injinia mpya huyo," alimwambia binti yake. "Tazama viatu."

"Viatu vya Manizales," binti akadakia. "Hapa Santa Rufina havimalizi wiki, dada. Matope yetu hayana adabu."

Binti ni Yuliza, ana miaka ishirini na miwili. Anakata na kusuka nywele sebuleni kwao, mtaa wa La Playita, kando kabisa ya mto Guacamal. Nimecheka kwa mara ya kwanza tangu nihame Manizales.

Ofisi ya maafa ina chumba kimoja na watu watatu: mkurugenzi Piedad, ambaye wote humwita doctora, fundi mmoja mzee, na mimi. Juu ya meza kuna mashine. Kazi yake ni kusoma kina cha mto kila dakika kutoka vituo vya mlimani, na maji yakipita alama nyekundu, kuwasha ving'ora vitatu vya bondeni. Kutoka kituo cha juu hadi La Playita maji hutumia dakika ishirini. Hizo ndizo dakika tunazolipwa kuzilinda.

Jumatano, 4 Septemba

Fundi mzee ni don Arcesio Patiño. Ana miaka sitini na mitatu, kofia ya pamba, redio ndogo ya kusikilizia mpira. Mtambo huu aliujenga kwa mikono yake, waya kwa waya, na anauendesha kama mtu anavyoendesha nyumbu wake. Kila kitu anakifanya kwa jina la root, yaani mtumiaji mkuu, yule ambaye mashine haimwulizi "wewe nani" wala "una hakika?"

Mwezi wa saba aliandika amri ya kufuta mafaili ya zamani, akasahau jina moja tu katikati. Kwa kuwa alikuwa mtumiaji mkuu, mashine haikubisha. Ilifuta vipimo vya mvua vya miaka miwili.

"Nilimwambia afagie vumbi," anasimulia, "akatoka na kabati, sofa na picha ya marehemu mama."

Nikamwuliza kwa nini skripti, yaani amri zilizoandikwa za kusoma mto, iwe na mamlaka ya kubomoa mashine nzima.

"Kwa sababu mto hauombi ruhusa, mwanangu."

Jibu la watu wasiosoma vitabu. Nimemwitikia kwa heshima.

Jumatatu, 9 Septemba

Doctora ameniita. Hataki kusikia tena habari za sofa. Anataka utaratibu, na utaratibu uwe wa maandishi. Nimemweleza mpango wangu: skripti isiendeshwe tena na mtumiaji mkuu. Nitatengeneza mtumiaji mdogo, nimwite mlinzi, asiyeweza kufuta wala kuharibu chochote. Mlinzi atasoma mto. Siku ya hatari ataazima mamlaka ya mtumiaji mkuu kwa amri moja tu, ya kuwasha ving'ora, kisha ayarudishe.

"Safi," alisema. "Na mzee?"

"Mzee ni fundi mzuri wa waya," nikajibu.

Tumeelewana.

Jumanne, 17 Septemba

Mvua. Mistari mia moja na arobaini ya skripti. Viatu vimekufa.

Alhamisi, 26 Septemba

Mvua siku ya nane. Don Arcesio hukaa nyuma yangu akinywa kahawa na kusoma skripti yangu begani, midomo ikicheza kama mtu anayesali.  Leo nimemwomba akae upande wa pili wa chumba. Akabeba kiti chake mwenyewe.

Ijumaa, 4 Oktoba

Jaribio limefaulu. Ving'ora vyenyewe hatukuruhusiwa kuviliza: mwezi wa nne vililia bila sababu, watu wakakanyagana sokoni, na tangu hapo meya hataki vilizwe kwa majaribio bila sahihi yake. Kwa hiyo nilichomoa waya wa ving'ora, nikaweka taa ndogo badala yake. Nikakaa kwenye mashine, nikaandika nywila yangu, nikapanga kina cha uongo cha mita nne, nikaendesha skripti. Taa ikawaka. Doctora akapiga makofi.

Don Arcesio alikuwa mlangoni. "Umeijaribu kwa jina la nani?"

"Kwa jina langu."

"Siku hiyo atakayeita si wewe. Ni huyo mlinzi wako, peke yake, chumba kitupu. Jaribu kwa jina lake."

"Don Arcesio, skripti ni ileile. Amri ni zilezile."

"Na mtu si yuleyule."

Doctora alikuwa ameshatazama saa. Nimeandika kwenye orodha yangu: jaribio kamili kwa jina la mlinzi, baadaye. Uchungu wa kunyang'anywa kitu alichokijenga naufahamu. Ila sitaufanya kuwa sheria ya kazi.

Jumanne, 8 Oktoba

Kwa pendekezo langu zamu ya Jumapili imefutwa. Miaka kumi na minne don Arcesio amekaa hapa kila Jumapili na redio yake, jicho moja kwenye mpira, jingine kwenye mto. Sasa mashine inatosha. Aliitia redio katika mfuko wa plastiki, akaniaga kwa mkono.

"Mke wangu atakushukuru," alisema. "Atajua sasa kwamba nina mdomo."

Ijumaa, 11 Oktoba

Yuliza amenikata nywele. Sebule yao ina kioo kimoja, picha za watakatifu watatu, na dirisha linaloingiza ndani kelele ya mto. Alinizungusha kichwa kama tikiti maji.

"Huna mume, huna paka, huna hata mmea. Una mashine tu. Inakupikia?"

"Inakulinda wewe na mama yako."

"Aa! Basi isalimie." Akasimamisha mkasi hewani. "Kweli lakini? Maana mama halali mvua ikinyesha. Hukaa kitandani na viatu miguuni."

Nikamwambia mama yake avue viatu. Nikamweleza dakika ishirini, alama nyekundu, ving'ora vitatu. Alisikiliza vizuri, kwa sura ambayo hajawahi kunionyesha. Kisha akaniambia Jumapili ya tarehe ishirini, kukiwa na jua, lazima niende nao mtoni kwa matembezi ya chungu. Santa Rufina mtu asiyekula supu mtoni Jumapili ni mgeni tu, hata akizikwa hapa.

Jumamosi, 19 Oktoba

Jua! Don Arcesio alipita ofisini asubuhi kubadilisha betri ya kituo cha kati, akaingia kwenye mashine kuandika tarehe, akatoka. Kesho supu.

Jumapili, 20 Oktoba

Siwezi.

Jumanne, 22 Oktoba

Nitaandika sasa, kwa kuwa nisipoandika nitaanza kukumbuka vingine.

Jumapili tulikuwa watano: Yuliza, rafiki zake wawili wa kike, mchumba wa mmoja wao, na mimi. Anga halikuwa na hata kipande cha wingu. Ukingo wote wa La Playita ulijaa familia na vyungu juu ya mawe, moshi, muziki, watoto wenye vichwa vya sabuni. Doña Rubiela hakuwepo. Alikuwa anachoma arepa nje ya kanisa. Mvua ilikuwa mlimani, nyuma ya vilima vitatu, mahali ambapo mtu wa bondeni haioni wala haisikii.

Jirani yetu alikuwa mzee mmoja wa mashambani na wajukuu wake. Supu yake haijaiva, akasimama, akavuta hewa puani. Akaingia majini hadi kifundo cha mguu, akarudi. Akamwaga supu yote mchangani, akabeba chungu.

"Mto unanuka udongo mbichi," alituambia. "Na umepungua kelele. Mimi naondoka."

Yuliza akanigeukia. Alikuwa na mwiko mkononi. "Injinia, babu anasema mto unanuka. Tuondoke?"

Na mimi nikasema hivi. Nitaandika neno kwa neno. Nikasema: "King'ora hakijalia. Kungekuwa na hatari, kingelia. Tulieni mle."

"Mmesikia?" Yuliza akapaza sauti kwa vyungu vya jirani. "Tunaye mwenye mtambo hapa! Kaeni!" Watu wakacheka. Familia moja iliyokuwa imeanza kukunja blanketi ikalitandika tena. Nililiona lile blanketi likitandikwa. Lilikuwa jekundu.

Nilitazama saa, maana hiyo ndiyo tabia yangu. Saa tisa na dakika kumi na mbili alasiri.

Pale chini simu haishiki mtandao. Nikapanda hadi barabarani, si kwa hofu, bali ili nirudi na kina cha mto kwenye kioo cha simu niwaonyeshe. Nilikuwa bado nimeinua simu juu kama mjinga nilipoisikia sauti. Ilikuwa kama malori mengi yanayomwaga mawe kwa pamoja. Kisha nikaona miti ikija imesimama wima, mizizi chini, majani juu, inatembea.

Nilipiga kelele. Watu wengi walisikia, wakakimbia, na walio wengi walipanda ukingo. Yuliza alikuwa majini hadi magotini, anasuuza sahani. Aliinua kichwa. Hakuutazama mto. Alinitazama mimi, kama mtu anayesubiri amaliziwe sentensi.

Rafiki zake wawili nao wamekwenda. Mchumba alinaswa kwenye mti, yu hai. Wote waliokufa ni saba. Wawili ni wa lile blanketi.

Yuliza alipatikana jana asubuhi kwenye mchanga wa La Vuelta, mbali upande wa chini wa mto.

Ving'ora havikulia. Mji mzima unauliza neno hilohilo moja: kwa nini?

Jumatano, 23 Oktoba

Nimefungua daftari la mashine, pale inapojiandikia yenyewe kila ifanyalo. Nilifunga mlango wa ofisi kwanza.

Saa tisa kamili kituo cha juu kilipita alama nyekundu. Vipimo sahihi, mtandao mzima, umeme upo. Skripti yangu ilielewa. Mlinzi akaita, akaomba mamlaka ya kuwasha ving'ora. Mashine ikamwuliza nywila. Chumba kilikuwa kitupu, hakuna aliyeandika. Ikaandika: ruhusa imekataliwa. Dakika moja baadaye akaita tena. Ruhusa imekataliwa. Mara kumi na tisa aliita, mpaka maji yalipokata waya wa kituo cha kati.

Nilipokuwa nasema "king'ora hakijalia," alikuwa ameshaita mara kumi na tatu.

Kosa ni dogo mno. Katika faili la ruhusa nilisahau kuandika kwamba mlinzi asiulizwe nywila. Siku ya taa mimi nilikuwa nimeandika yangu dakika chache kabla, na mashine humkumbuka mtu kwa robo saa. Ilinifungulia kwa sababu ni mimi. Laiti ningejaribu kwa jina lake, ningeliona kosa palepale, na kulirekebisha ni neno moja.

Leo walikuwa wanazika. Nilisimama nyuma ya watu. Doña Rubiela alinishika uso kwa mikono miwili, akasema, "Wewe ulikuwa naye. Ashukuriwe Mungu hakuwa na wageni watupu." 

Ijumaa, 25 Oktoba

Doctora Piedad ameona daftari. Nilimwonyesha mwenyewe, limechapwa karatasini. Akasoma ule mstari, akakunja karatasi mara nne.

"Nani mwingine ameliona?"

"Hakuna."

"Nohemí, nisikilize. Mimi nina watoto. Wewe una miaka thelathini na moja. Meya anataka jina leo. Arcesio aliingia kwenye mashine Jumamosi, jina lake limo humo, saa yake imo. Mwezi wa saba alishafuta vipimo, mji wote unajua. Na mwakani anastaafu."

"Hakugusa kitu. Alibadilisha betri."

"Sijasema aligusa. Nimesema aliingia. Wewe nyamaza wiki mbili tu. Hata supu ya moto, ukiiacha, inapoa."

Sikusema ndiyo. Wala sikusema hapana. Saa kumi redio ya mji ilitangaza kwamba fundi mmoja amesimamishwa kazi.

Jumamosi, 26 Oktoba

Mvua.

Jumapili, 27 Oktoba

Mvua. Sikutoka.

Jumatatu, 28 Oktoba

Watu wamepaka matope mlango wa don Arcesio na kuandika kwa kidole: MUUAJI. Nilipita mchana. Alikuwa kwenye ngazi, anaosha kwa brashi ya viatu. Mkewe alinitazama dirishani, akavuta pazia.

"Ingia ndani usilowe," alisema.

"Naomba nibaki hapa nje."

Akaendelea kusugua. Herufi ya kwanza ilikuwa imetoka, nyingine bado. 

"Skripti yako niliisoma ulipoiandika," akasema bila kugeuka. "Nilikuwa nasoma begani kwako, ukanihamisha kiti. Lile faili la ruhusa sikuwahi kuliona. Lakini siku ya taa nilijua kuna mlango hujaujaribu. Jumapili king'ora kilipokaa kimya, nilijua ni mlango gani."

"Mbona hujasema?"

"Nani atanisikiliza? Mzee aliyefuta sofa? Watasema najitetea." Akatumbukiza brashi kwenye ndoo. "Na mimi pia nina langu. Nilikwambia mara moja, ukakataa, nikanuna. Nikabeba redio yangu nikaenda kusikiliza mpira. Ningekwambia mara ya pili, na ya tatu, ningekufokea. Nilinuna, mwanangu. Watu saba."

"Nitasema mimi, don Arcesio."

"Sema au usiseme, sitakusukuma. Ila usinitembelee tena huku umenyamaza. Mke wangu anakasirika, na mimi sina nguvu ya kumtuliza."

Alhamisi, 31 Oktoba

Sijasema.

Jumapili, 3 Novemba

Sijasema. Kuna mtu amevunja kioo cha dirisha lao.

Jumatano, 6 Novemba

Meya aliitisha mkutano katika ukumbi wa shule, saa kumi alasiri. Walikuja watu kama mia tatu, miavuli ikitiririka sakafuni. Waliofiwa walikaa mbele. Doctora alisoma karatasi yenye maneno "hitilafu" na "uzembe wa mtumishi mmoja". Don Arcesio alikuwa amekaa peke yake. Viti vya kulia na kushoto kwake vilikuwa vitupu.

Nilisimama kabla hajamaliza. Nilidhani sauti yangu itatetemeka, ikatoka kavu kama ya mtu anayesoma orodha ya dukani. Nikasema skripti ni yangu, kosa ni langu, don Arcesio alinionya na nikampuuza, na zamu ya Jumapili ilifutwa kwa ushauri wangu. Nikasema doctora anajua. Doctora akaketi polepole.

Kelele zilikuwa nyingi, sitaziandika. Mtu mmoja alirusha mwavuli. Zilipopungua, doña Rubiela akainuka. Alikuwa amevaa fulana ya Yuliza, ile ya saluni.

"Nimesoma mpaka darasa la nne," alisema. "Nieleze mpaka nielewe. Usitumie maneno ya ofisini."

Nikamwambia: "Ndani ya mashine kuna watumishi. Mmoja ni mkubwa, anaweza kila kitu. Mwingine ni mdogo, anaangalia mto tu. Nilimwambia mdogo, ukiona maji yamepanda, kagonge kwa mkubwa, mwambie apige king'ora. Lakini mlangoni pa mkubwa nilisahau kuacha agizo kwamba huyu afunguliwe. Akagonga. Akaulizwa neno la siri. Hakuwa nalo. Akafukuzwa."

"Akagonga mara ngapi?"

"Mara kumi na tisa."

"Na ulipojaribu wewe?"

"Nilijaribu kwa jina langu. Mimi nafunguliwa."

Alitikisa kichwa, si kwa hasira, kama mtu aliyepewa hesabu akaona inatoka sawa. "Nimeelewa," alisema, akakaa. Mama mmoja nyuma yangu alianza kulia kwa sauti, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Don Arcesio alitoka bila kunisemesha. Mlangoni wanaume wawili walivua kofia ili apite. Hakuwatazama.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimesimamishwa. Doctora naye. Mwendesha mashtaka atakuja mwakani. Mpaka hapo nisitoke wilayani, na kila asubuhi nifike manispaa kuweka sahihi.

Ijumaa, 15 Novemba

Don Arcesio alinikuta kwenye ngazi za manispaa baada ya sahihi. Amerudishwa kazini. Alivua kofia, akaivaa tena.

"Skripti imeandikwa kwa mwandiko wako," alisema. "Naweza kuifuta niweke ya zamani, yenye mamlaka yote. Lakini nimeshafuta vya kutosha maishani. Njoo unionyeshe, mimi nitaandika."

Sina ruhusa ya kugusa mashine, kwa hiyo nilikaa kiti cha pembeni, mikono mapajani. Nilimsomea mstari kwa mstari. Neno moja lililokosekana aliliandika kwa kidole kimoja, akaliangalia muda mrefu. 

Kisha tukatoka wote wawili, tukafunga chumba. Tukaacha mlinzi peke yake. Meya alikuwa ametia sahihi, gari la kipaza sauti lilikuwa limezunguka tangu asubuhi: saa sita mchana ni jaribio, msikimbie, ni jaribio.

Saa sita na dakika moja vikalia vyote vitatu. Sikuwa nimewahi kuvisikia. Ni sauti ya kuchukiza. Watu wa La Playita walikimbia, pamoja na kuambiwa. Niliwaona kutoka uwanjani wakipanda barabara ya juu, vizee, wanawake na watoto migongoni, mwanamume mmoja amebeba televisheni. Walipofika juu walisimama wakageuka kuutazama mto, nao ulikuwa chini, mdogo, wa kahawia, hauna habari na mtu. Hakuna aliyecheka. Walikaa pale juu karibu saa nzima.

"Inafanya kazi," don Arcesio alisema.

Akarudi ndani kuandika tarehe. Sikuitwa tena.

Jumatano, 27 Novemba

Mvua imeanza kukonda. Sahihi. Nyumbani.

Jumatatu, 2 Desemba

Doña Rubiela amerudi na jiko lake. Nilitaka kupita haraka, akaniita. "Injinia. Umekonda." Akanipa arepa. Waliokuwa kwenye foleni walitazama chini.

"Ulisema kweli mbele za watu," alisema. "Wengi hapa hawajawahi. Kula."

Nilikula.

Jumanne, 3 Desemba

Amenipa tena. Amenisimulia Yuliza alipokuwa mdogo alivyokata nywele za mbwa wa padri. Nilicheka. Nikajisikia nikicheka.

Alhamisi, 5 Desemba

Leo jua. Nilifika saa moja na nusu, kabla ya foleni. Alinisogezea kigoda.

"Doña Rubiela," nikasema, "kuna jambo sikulisema shuleni."

Akaendelea kugeuza arepa kwa vidole, kama kawaida yake, bila kuungua.

Nikamwambia yote. Mzee na chungu chake. Harufu ya udongo. Yuliza na mwiko. Maneno yangu, neno kwa neno. Blanketi. Kwamba aliuliza kama waondoke, na angeondoka, alikuwa ameshageuza mwili. Kwamba hakusubiri king'ora, alinisubiri mimi.

Arepa moja iliungua. Aliiacha ikaungua mpaka ikatoa moshi, ndipo akaitoa, akaitupa kwenye ndoo.

"Yule mzee na wajukuu," aliuliza, "walipona?"

"Walipona."

"Wote?"

"Wote."

Alifuta mikono kwa aproni, kidole kimoja kimoja. Mtu wa kwanza wa foleni alifika, akaomba mbili za jibini. Alimhudumia, akamrudishia salamu. Kisha akanigeukia, na sauti yake haikuwa na ukali wowote.

"Yuliza alikuwa hamwamini mtu. Hata mimi nikimwambia chakula kimeiva, alikuwa anafunua chungu aone." Akageuza arepa moja. "Wewe alikuamini. Sijui nifanye nini na hilo. La mashine nililiweza. Hili sijui niliweke wapi."

Nilisema naomba msamaha. Akaniashiria kwa mkono nisimame, akakichukua kigoda, akakiweka upande wake wa jiko.

"Una sahihi ya kuweka kila siku," alisema. "Manispaa ina mlango wa nyuma, wa wazoa taka. Kesho upite huko, si hapa kwangu."

Nimekwenda kuutazama jioni. Haufungwi. Unatokea kwenye uchochoro wa nyuma ya kanisa, wenye maji hadi vifundoni, na hauonekani kutoka barabarani.